Gemu ya maktaba na gemu ya simu: ipi ya bure?

Mwezi wa Machi tulikuwa mezani hapa Maskati, tunakula, mara simu ya mwanangu ikaingia ujumbe wa benki. Riali 6. Kabla hajaiweka chini ukaingia wa pili, riali 20. Akaacha chakula, akafungua hesabu yake, akakuta ndani ya siku kumi zimetoka riali 86, zaidi ya dola 220, na zote zimekwenda kwenye gemu moja ya simu ambayo mjukuu wangu wa miaka 11 aliipakua bure. Ndivyo ilivyoandikwa pale: bure. Kijana alikuwa akinunua sarafu, kwa sarafu ananunua masanduku, na sanduku hujui lina nini mpaka ulifungue. Tuliandika kuomba pesa zirudi. Jibu lilikuja la mistari miwili: kadi iliwekwa kwenye simu na mwenyewe, kwa hiyo malipo ni halali.

Miezi mitatu baadaye nikawa Toronto kwa binti yangu, upande wa Scarborough, ambako nina mjukuu mwengine wa miaka 12. Siku ya pili tu akaingia nyumbani na kasha la gemu ya mpira, ya PlayStation, ya diski, ambayo gemu mpya kama hiyo dukani kule haipungui sana dola 90 za Kanada. Nikamuuliza nani kamnunulia.

"Sijanunua, Bibi. Nimeazima maktaba."

Nilidhani ananitania. Akanionyesha kadi, ileile anayoazimia vitabu vya skuli.

Nitasema kweli, la kwanza lililonitoka lilikuwa lawama. Nikamwambia binti yangu, maktaba gani hiyo? Watoto hawasomi, kila serikali inalia haina fedha, na maktaba nayo inagawa gemu! Binti yangu akacheka, akasema, "Mama, wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo wa kabati." Nikanyamaza.

Hilo la kabati sina budi nilieleze. Nimefundisha jiografia na Kiswahili miaka 31 katika sekondari ya misheni huko pwani ya Kenya. Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha ya wavu. Vitabu vya masomo vilikaa wazi, lakini riwaya zilifungiwa kwenye kabati la mvule, na ufunguo alikuwa nao sista mmoja mzee. Msichana aliyemaliza kazi zake zote za wiki alipewa riwaya moja Jumamosi, Jumatatu airudishe. Hakuwa mtu mbaya, aliamini tu kwamba hadithi za kubuni zinamlegeza mtoto akili. Alipostaafu ufunguo nikaachiwa mimi, na kwa miaka sita nami nikaendelea kufunga. Yeye alikuwa na sababu za dini, mimi nilikuwa na sababu za mitihani. Siku kabati lilipobaki wazi ni kwa kuwa kitasa kiliharibika na hapakuwa na pesa za kukitengeneza. Riwaya zilichakaa zote kwa muhula mmoja. Matokeo ya mitihani hayakushuka.

Kwa hiyo ugomvi huu wa gemu maktabani si mpya, ni ule ule wa kabati. Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 wakutubi waligombana wenyewe kwa wenyewe iwapo kodi za wananchi zinunue riwaya. Ziko maktaba zilizopaka wino mweusi kurasa za mbio za farasi kwenye magazeti, ili watu wasije kusoma habari za kamari. Na tajiri wa chuma Andrew Carnegie, aliyegharamia ujenzi wa maktaba zaidi ya 2,500, alipofungua maktaba yake ya kwanza Marekani mwaka 1889, katika mji wa Braddock, Pennsylvania, palipokuwa na kiwanda chake, ndani aliweka meza za biliadi na mabafu ya wafanyakazi kuogea. Miaka michache baadaye zikaongezwa ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Mchezo umekuwa ndani ya maktaba ya umma kabla babu zetu hawajaona gari.

Gemu za video zimeingia taratibu. Chama cha Maktaba cha Marekani kilianzisha siku maalumu ya michezo maktabani mwaka 2008, na baadaye ikawa shughuli ya kimataifa ya wiki nzima. Helsinki, Desemba 2018, walifungua maktaba kuu mpya inayoitwa Oodi, na ndani yake mna vyumba vya gemu, cherehani, na mashine za kuchapa vitu vya plastiki. Sheria ya maktaba ya Finland haikuandikwa kwa ajili ya vitabu peke yake, inasema maktaba ipo ili watu wote wapate nafasi sawa ya elimu na utamaduni. Toronto nako kuna matawi 100, na tangu 2022 wamefuta kabisa faini ya kuchelewesha. Hilo la faini lilinigusa kuliko gemu. Nakumbuka wanafunzi wangu waliokuwa wakiogopa kurudi maktaba kwa sababu ya deni la shilingi chache.

Nilikwenda na mjukuu wangu kwenye tawi lao mara nne. Saa tisa na nusu alasiri watoto wa sekondari wanaingia wakiwa na mabegi. Upande mmoja kuna meza za kufanyia kazi za skuli, upande wa pili, nyuma ya kioo, kuna skrini na pedi mbili. Ukitaka kucheza unaandika jina kwenye karatasi na unasubiri zamu. Anayeangalia ni msichana wa miaka ishirini na kitu, mtandio kichwani, anawajua wote kwa majina, na aliyetukana anatolewa pale kwa siku ile bila ya kelele. Wavulana wawili walikuwa wakizozana Kiswahili cha Bukavu kuhusu nani kaanza. Mmoja akaniona namtazama, akagundua nimewafahamu, akaona haya. "Shikamoo," akasema, na mwenzake akacheza zamu yake ya bure.

Mjukuu wangu hakuazima kitabu hata kimoja katika safari zile nne. Nalisema hili kwa sababu wanaotetea gemu maktabani hupenda kusema gemu ni chambo: mtoto anakuja kucheza, anaondoka na kitabu. Huenda wako wanaofanya hivyo. Wangu aliondoka na gemu ya pili. Mimi naona hoja ya chambo ni dhaifu, na ukiitegemea utashindwa siku mhasibu wa manispaa atakapouliza vitabu vingapi viliazimwa. Hoja yenye nguvu ilikuwa pale pale mbele ya macho yangu. Kijana wa miaka 13 wa wazazi wanaofanya kazi zamu mbili, baridi nje inakata masikio nusu ya mwaka, aende wapi saa tisa na nusu? Dukani wanamfukuza kama hanunui. Nyumbani hakuna mtu. Maktaba ndiyo sehemu pekee ya mtaa anayoweza kukaa saa tatu bila ya kulipa, na bila ya kuulizwa dini yake wala karatasi zake. Akiwa hapo anacheza na wenzake, uso kwa uso, na mtu mzima anamwona.

Wazee wenzangu wa pwani wanajua kinyume chake. Kwetu mtoto asiye na mashine nyumbani huenda kwenye banda la PS, analipa kwa kila mechi, na mwenye banda hamwulizi kwa nini hayuko skuli. Banda nalo lina kazi yake na sitaki kulitukana, lakini linafunguliwa kwa faida. Pesa ya chai ya mtoto inaishia pale.

Sasa nirudi kwenye riali 86, maana hapa ndipo nilipobadilika mawazo. Wajukuu wangu wawili wanacheza takriban muda sawa, na kama ni kupoteza wakati, wanapoteza sawasawa. Tofauti ni kwamba gemu ya maktaba ni kitu kilichokamilika. Ilitengenezwa, ikauzwa mara moja, maktaba ikalipa, na sasa inapita mikono ya watoto pengine mia kabla haijakwaruzika. Gemu ya simu iliyoandikwa "bure" ni duka. Limejengwa ili mtoto asitoke. Kila baada ya dakika chache linamwonyesha kitu, linampa saa inayohesabu kurudi nyuma, linamwambia rafiki yake amempita. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua masanduku hayo ya bahati yanayolipiwa ni kamari kwa mujibu wa sheria zake. Kwa sisi ambao kamari tunaijua hukumu yake, inashangaza kwamba tumeilaza kitandani na watoto wetu.

Msije mkadhani diski ni malaika. Ile gemu ya mpira nayo ina duka ndani yake la kununua wachezaji kwa pakiti. Lakini mtoto anaweza kuicheza yote asiliguse, na kwenye mashine ya maktaba hakuna kadi ya baba iliyohifadhiwa. Tena diski ina alama ya umri kwenye kasha. Uingereza tangu Julai 2012 ni kosa kumuuzia mtoto gemu iliyo juu ya umri wake. Simu haina mwenye duka wa kumtazama mtoto usoni.

Kwa hiyo swali la kama gemu ziwe maktabani au zisiwe, kwangu mimi limekwisha. Linalonisumbua ni jengine: zitaendelea kuwa huko kwa muda gani?

Maktaba inaweza kuazimisha kwa sababu imenunua kitu cha kushika. Ukinunua nakala halali ya kitabu, sheria ya nchi nyingi inakuachia uisome, uiuze, au umpe jirani. Marekani mwaka 1990, bunge lilipozuia biashara ya kukodisha programu za kompyuta, liliziacha maktaba zisizo za faida ziendelee kuazimisha. Lakini gemu inayopakuliwa hainunuliwi, unapewa ruhusa tu ya kuitumia. Jimbo la California limelazimika kutunga sheria, iliyoanza kazi Januari 2025, kwamba duka la mtandaoni lisitumie neno "nunua" bila ya kumweleza mteja kuwa anachopata ni leseni. Leseni hiyo ni ya jina lako wewe, na maktaba haiwezi kumpa mtu mwengine.

Na diski zinaondoka. Xbox Series S ilitoka Novemba 2020 haina pahala pa kuingiza diski. PS5 Pro ya Novemba 2024 vilevile, kisoma diski unakinunua mbali. Nintendo, kwenye Switch 2 ya Juni 2025, wameleta kadi ambazo ndani hamna gemu, mna ufunguo tu. Ukiingiza kadi, mashine inakwenda kwenye intaneti kupakua gemu yenyewe. Kadi hiyo unaweza bado kuiazima, naam, lakini siku kampuni itakapofunga mlango wa upande wa pili umebaki na kipande cha plastiki. Hayo si ya kufikirika. Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima gemu yake ya magari, The Crew, na hata aliyekuwa na diski yake kabatini hakuweza kuicheza tena. Wachezaji walikasirika hata wakaanzisha ombi kwa Umoja wa Ulaya, na Julai 2025 saini zikapita milioni moja.

Anayetaka kujua mwisho wa njia hii atazame vitabu vya kielektroniki. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins aliziambia maktaba kwamba kila kitabu chake cha kielektroniki kitaazimwa mara 26, kisha kinajifunga na maktaba inunue tena. Wakutubi walilalamika sana. Leo leseni za namna hiyo, za idadi au za miaka, ni jambo la kawaida. Kitabu cha karatasi kikiazimwa mara 26 kinapakwa gundi mgongoni na kinarudi rafuni. Nimepaka gundi hiyo kwa mikono yangu.

Upande wa kuhifadhi ni vibaya zaidi. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena popote kwa njia ya halali. Maktaba na wahifadhi wakaomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti gemu hizo za zamani kwa njia ya intaneti. Oktoba 2024 ombi likakataliwa, baada ya chama cha makampuni ya gemu kulipinga. Mtafiti akitaka kuiona gemu ya mwaka 1988 iliyohifadhiwa na maktaba, afunge safari mpaka kwenye jengo lenyewe.

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Ghuba? Yanatuhusu kuliko wengine, kwa sababu mwenye gemu anazidi kuwa jirani yetu. Mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, kupitia kampuni yake ya Savvy, uliinunua kampuni ya gemu za simu ya Scopely mwaka 2023 kwa dola bilioni 4.9. Mwaka 2025 Scopely ikanunua gemu za kampuni ya Niantic, pamoja na Pokémon Go, kwa dola bilioni 3.5. Riyadh mwaka 2024 yalianzishwa mashindano makubwa ya gemu ya kiangazi, na zawadi za mwaka 2025 zilipita dola milioni 70. Kisha Septemba 2025 mfuko huo na washirika wake wakatangaza makubaliano ya kuinunua Electronic Arts, wenye gemu za mpira zinazojulikana dunia nzima, kwa dola bilioni 55. Kati ya hizo bilioni 20 ni mkopo.

Mkopo wa bilioni 20 unalipwa na nani? Mimi si mchumi, lakini hesabu za nyumba nazijua. Sehemu kubwa zaidi ya mapato ya Electronic Arts tayari haitokani na kuuza gemu. Inatokana na vinavyouzwa ndani ya gemu, mwezi baada ya mwezi. Mwenye deni hapunguzi duka. Ataongeza pakiti na saa za kuhesabu, na diski ataiona kama hasara, maana diski moja ya maktaba inachezwa na watoto mia ambao hakuna hata mmoja aliyeingiza kadi.

Pengine nakosea. Serikali yenye hisa inaweza kufanya jambo ambalo mfanyabiashara wa kawaida hawezi kulifanya, yaani kuandika katika mikataba kwamba kila gemu itoke na nakala ya maktaba, isiyo na duka ndani, inayoweza kuazimwa na kuhifadhiwa. Gharama yake kwa kampuni ya bilioni 55 ni ndogo mno. Majengo yapo. Qatar walifungua maktaba yao ya taifa mwaka 2017, na Dubai mwaka 2022 wamefungua maktaba yenye umbo la marufaa, ukiiona kwa mbali unadhani msahafu utawekwa juu yake. Watu wanaotumia fedha hivi kwa maktaba, na hivi kwa gemu, ni haki kuwauliza kwa nini mikono hiyo miwili haikutani.

Sisi wazazi na mabibi tunaweza kuuliza pia, kwenye miji tunayokaa. Binti yangu kule Toronto alijaza fomu ya kupendekeza gemu, ikanunuliwa. Mlioko Uingereza na Marekani, ingieni tawi lenu muulize gemu wanaazimisha au hawaazimishi, na kama kuna ada, maana kila halmashauri ina utaratibu wake. Mlioko huku, mkiwa bado hamjafanya, itoeni kadi ya benki kwenye simu ya mtoto leo kabla hamjalala.

Hapa nyumbani tulifanya hivyo, na tukamnunulia mjukuu mashine ya zamani ya mkono wa pili, yenye pahala pa diski, kutoka kwa familia iliyokuwa inahama. Inakaa sebuleni. Diski tunazo tatu, na zimemchosha. Wiki iliyopita binamu yake alimtumia ujumbe wa sauti kwamba ameomba gemu mpya maktaba na yuko nambari 41 kwenye foleni, lakini haidhuru, itafika. Huyu wa kwetu akausikiliza mara mbili. Kisha akaja chumbani kwangu na kuniuliza kama kadi ile na yeye anaweza kuipata.

Nikamwambia ni ya wanaokaa Toronto.

"Na ya hapa je?"

Nikamwambia avae viatu, tukaulize.